Udongo Mweupe Juu ya Ngozi

Jumapili, 26 Novemba 2023

Luvo kachukuliwa jana kwenda jandoni. Leo asubuhi nimekitandika kitanda chake kana kwamba atalala humu — mjinga mimi! Akirudi atakuwa mwanamume, na mwanamume halali tena ukuta mmoja na mama yake. Shemeji Mncedisi ameshaanza kukandika kile kibanda cha nyuma.

Mncedisi ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kwa mambo haya ndiye baba wa Luvo. Baada ya ibada alikuja akasimama mlangoni, akasema mtoto alisimama imara mbele ya ngariba, hata kope hakutikisa. Nilifurahi. Kisha nikaanza kufikiri. Sikuwa nimemuuliza kitu! Mtu anayejibu kabla hajaulizwa... mimi nafanya kazi zahanati, nawajua. "Sina homa, nesi," na hata hajakaa. Huyo ndiye mwenye homa.

Ee Bwana, niondolee moyo huu. Siku ya kwanza tu na nimeshaanza.

Jumatatu, 27 Novemba

Kazini. Wameniandama kutwa! Mzee Gcina, yule wa kisukari: MaMpinga, usizoee kumtuma tena dukani, atarudi na fimbo yake akuulize chai iko wapi. Nikamwambia akija na fimbo atakuta mwiko. Benchi zima likacheka. MaMpinga, MaMpinga, kutwa. Ukiolewa huku, ukoo wa baba yako haubanduki midomoni mwa watu. Jina langu la ubatizo, Eunice, hata mimi naanza kulisahau.

Nesi Sibonelo ameletewa wanafunzi wawili wa uuguzi. Kawasimamisha ukutani, mikono nyuma. Somo ni lilelile kila mwaka, nami kila mwaka nalisikiliza huku nakunja mashuka. Msiguse! Tazameni kwanza. Mgonjwa anaanza kupimwa akiwa bado kwenye benchi. Amekaaje? Ameegemea upande gani, bega lipi limepanda, anapumua kwa kifua au anapumua kwa shingo? Akiitwa anainuka vipi? Ngozi imekauka, ina jasho, imepauka? Macho yamezama? Mtazameni kwa mwanga wa dirisha, si wa taa. Na nguo zivuliwe, kwa heshima, sehemu kwa sehemu, maana chini ya nguo kunafichwa mengi.

Msichana mmoja akauliza, kwani mgonjwa mwenyewe hawezi kusema?

"Anasema sana," Sibonelo akamjibu. "Ndiyo maana tunaanza na mgongo wake."

Wengine walicheka. Mimi nilimwona akilini Mncedisi pale mlangoni kwangu jana, amesimama kiubavu. Kwa nini kiubavu?

Jumanne, 28 Novemba

Kungwi wao amepita kuchukua chakula. Anaitwa Fezile. Kijana tu, sijui kama thelathini ameifikisha, na mwaka huu amepewa wari watano peke yake. Haingii uani. Anasimama nje ya wigo, mimi naweka sufuria chini, narudi nyuma, ndipo anachukua. Wiki ya kwanza ni mahindi makavu tu yasiyoiva vizuri, bila chumvi. Ndiyo sheria. Nimeyapika kwa mikono yangu na nimemwonea mwanangu huruma kila punje.

Nikamtazama kwa mwanga wa jua, kama tulivyofundishwa. Macho mekundu. Kucha nyeusi. Inaweza kuwa moshi, inaweza kuwa majivu. Na miguuni — viatu vya Luvo! Vile vyeupe vya raba nilivyomnunulia Pasaka.

"Anaendeleaje?"

"Vizuri, Mama."

"Analala?"

"Vizuri, Mama."

"Maji anapata?"

Hapo akamtazama mbwa wangu. Muda mrefu, kama mtu anayetaka kumnunua. Na mbwa mwenyewe huyu, mbavu tupu!

"Mama, hayo ni ya wanaume," akasema. Akaenda zake.

Jioni nikamwambia Mncedisi habari ya viatu. Akanicheka. Shemeji, vitu vya mvulana vinagawiwa, ulitaka uvitundike ukutani? Ni kweli vinagawiwa. Lakini vinagawiwa siku ya kutoka! Kutoka bado sana.

Alhamisi, 30 Novemba

Maombi ya akina mama. Blauzi zetu nyekundu, kofia nyeupe, joto la kutoa roho. Sisi tuliopeleka watoto tulikaa benchi moja, vitambaa badala ya kofia, vimeshushwa hadi kwenye nyusi. MaRhadebe alikuwa pembeni yangu kama kawaida. Khanya wake yuko kumbi moja na Luvo, kibanda kimoja kule mlimani. Wamekua pamoja wale, kimo kimoja, mwili mmoja. Watu huwachanganya hata wakiwa na nguo zao.

Baada ya maombi nilimfuata MaDlamini kwenye tangi la maji. Mwanawe ndiye yule aliyetolewa kumbini mwaka ule akapelekwa hospitali, na madaktari wakammalizia kutibu kidonda. Sijawahi kumuuliza. Leo nimemuuliza.

Akaosha mikono kwanza, taratibu. Akasema yuko hai, anashukuru Mungu. Ana mke, ana kazi. Lakini kwenye zizi, wanaume wakikaa na pombe yao, hana pa kukaa. Akisogea wanamuuliza: wewe ulitoka mlima gani? Mlima wenye lifti? Na siku moja amelewa akamwambia mama yake, ungeniacha kulekule.

"Aliniambia mimi," MaDlamini akasema. "Mimi niliyemwita daktari."

Kisha akauliza kwa nini namuuliza. Nikasema, hivi hivi tu. Hakuniamini. Nami nisingejiamini.

Jumamosi, 2 Desemba

Siku ya nyama! Tangu leo wari wanaruhusiwa kunywa maji na kula kama watu. Nilitoa mbuzi, MaRhadebe akatoa mbuzi, wanaume wakapanda asubuhi wanaimba, wakashuka mchana wanaimba zaidi. Mncedisi ananuka moshi na pombe. Kasema Luvo kala mpaka kalamba vidole.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kwani nina ya kuazima?"

"Amekaaje?"

"Shemeji! Amekaa kwa matako, kama watu wote!"

Wanaume wote wakacheka. Nikaona haya, nikaingia ndani. Lakini nilimwona alivyogeuka baada ya kucheka. Kicheko kilimwisha haraka. Akajipangusa uso kwa kofia, akabaki na kofia pale usoni.

Au ni joto? Leo lilikuwa joto. Mungu anisamehe, siku hizi simwangalii mtu bila kumpima. Hata mchungaji Jumapili iliyopita nilimwona bega la kushoto limeshuka, nikakosa nusu ya mahubiri.

Jumatatu, 4 Desemba

Fezile hakuja kwa chakula. Kaja mtu mzima nisiyemjua vizuri, wa upande wa mtoni. Nikauliza Fezile yuko wapi. Amelala. Saa nne hii? Amelala, Mama.

Kungwi gani analala mchana na ana wari wa kuuguza? Anayelala saa nne ni aliyekesha. Alikesha kwa nini?

Jioni Mncedisi hakupita kwangu. Amepita barabara ya juu. Nimemwona.

Jumanne, 5 Desemba

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema.

Alfajiri nilichukua kamba nikasema nakwenda kutafuta kuni. Nikashuka mpaka korongoni, nikapanda upande wa pili, kwenye ile miti ya mwiba. Mwanamke hakanyagi kule wakati wa jando. Najua! Mama yangu angenitemea mate. Nilikaa nyuma ya jiwe nikafunga kitambaa cheusi, maana changu cheupe kingeonekana.

Kumbi iko ng'ambo. Ukungu ulikuwa umeshika, baridi, mpaka mikono inauma. Baadaye jua likagusa upande wao na wakatoka mmoja mmoja kuota jua. Watano. Mablanketi, vichwa vimenyolewa, na udongo mweupe kutoka utosini hadi vidole vya miguu. Weupe wote! Midomo, masikio, kope. Nikasema, Bwana, ngozi iko wapi? Nitazame nini sasa? Ule udongo umefunika kila kitu nilichofundishwa.

Nikarudi kwenye somo. Ngozi huioni — tazama mkao.

Wanne walikaa kama vijana wanaokaa, magoti juu, wanasukumana viwiko. Wa tano aliegemea nguzo. Fezile alipoita, wanne waligeuka. Yule hakugeuka. Walipoambiwa wasimame alisimama mara mbili: mikono chini kwanza, akapumzika hivyo, kama mzee Gcina anavyotoka kwenye benchi, ndipo akainuka. Na alipoinuka blanketi likamteleza, nikaona kifua. Kwa wenzake udongo ulikuwa umekauka, umepasukapasuka. Kwake umelowa. Umetiririka michirizi. Katika baridi ile! Mtu anatokwa jasho na ukungu bado upo.

Kwa kimo kile alikuwa Luvo au Khanya tu, wale watatu wengine ni wafupi. Luvo husimamia mguu wa kulia, kama baba yake. Nikatafuta mguu. Yule hakusimamia mguu wowote, alisimamia nguzo.

Khanya naye je, husimamaje? Miaka yote na sijui.

Nimemzaa mimi! Nimemwogesha. Na nimekaa nyuma ya jiwe sijui kama ni yeye au si yeye. Kichwa kile kilichonyolewa sikuwahi kukiona tangu alipokuwa mchanga.

Nimerudi bila hata kijiti kimoja. Hakuna aliyeniuliza, na hilo pia nimelishuku.

Baadaye, jioni hiyohiyo. Nilimweleza Sibonelo kwenye chumba cha dawa, mlango umefungwa. Hakunikaripia. Aliuliza kama anavyouliza wanafunzi wake: pumzi? Sikuiona, mbali. Miguu imevimba? Blanketi. Alimjibu mtu yeyote aliyemsemesha? Hapana. Akafunga kabati la dawa. Kisha akasema hivi vitu vitatu — jasho, kutogeuka akiitwa, kuinuka vile — yeye akiviona kwenye benchi lake hamwachi mtu huyo asubiri zamu.

"Nenda ukamwone basi!"

Akacheka, kicheko kibaya. Yeye ni Mzulu wa Natali, wazee wao waliacha jando zamani. Ana miaka arobaini na mitano na watoto wanne, lakini kwa wanaume wetu ni mvulana. Mwaka juzi alikwenda na begi lake la dawa wakamfukuza kwa fimbo. "Rudi, mvulana mwenye mvi! Rudi ukakue kwanza!" Bado wanamwimbia hivyo akipita kwenye duka la pombe.

Lakini ana namba ya kamati ya jando ya wilaya. Wanaume waliopita jandoni wenyewe, wana gari, wana nesi wao. Akasema neno lako tu, mama, nami napiga.

Nikasema sijui ni mtoto wa nani.

Akanitazama. "Nami sijakuuliza ni wa nani."

Jumatano, 6 Desemba

Sikupata usingizi wa maana. Asubuhi nilikwenda kwa MaRhadebe. Nilidhani tutabeba pamoja. Tumebeba mengi pamoja sisi, misiba, harusi, hata lile sufuria kubwa la kanisa.

Alikuwa anapepeta maharage. Nilipofika kwenye habari ya jiwe ungo ukasimama.

"Ulikwenda! Mwanamke mzima wa blauzi nyekundu!"

"Nilikwenda kuni."

"Kuni zako ziko nyuma ya jiko lako, MaMpinga. Nimeziona jana. Zinanishinda hata mimi urefu."

Akautikisa ungo mara moja. Kisha kwa sauti ndogo, bila kuniangalia: amekaaje?

Nikamwambia. Nguzo. Jasho. Mikono chini.

"Khanya hukaa wima," akasema. "Tangu mdogo. Mwalimu wake alikuwa anamsifia."

"Luvo pia," nikasema. "Wima kabisa."

Uongo! Luvo hukaa kama gunia, nimemgombeza miaka yote. Na Khanya namjua, yule hukaa kama amelala. Tulitazamana tukajua. Kila mmoja alikuwa anamsukuma wake aingie kwenye wale wanne.

Nikamwambia habari ya kamati. Akasimama, maharage yakamwagika, hakuyaokota. Akasema nikiwaita na aliyebebwa akawa Khanya, atakuwa mtu wa hospitali mpaka kufa kwake, na mimi nisikanyage uani kwake. Na akiwa Luvo, basi nikae na Luvo nilivyomfanya. Akasema pia labda ni mafua. Labda kala nyama nyingi. Nani kaniambia mimi ni daktari? Kupima uzito wa watoto wachanga na kukunja mashuka!

Kwa lile la mwisho sikukasirika. Ni kweli. Nimekosea mara nyingi kwa macho yangu haya. Mwaka jana niliapa binti wa dukani ana mimba, kumbe sketi.

Nilipiga magoti jikoni. Niliomba vibaya, najua niliomba vibaya. Nilianza na "mapenzi yako yatimizwe" na kabla ya amina nilikuwa nimeshamtajia Mungu jina. Na jina lenyewe si la mwanangu.

Saa nane nikamwambia Sibonelo apige.

Na sasa nimekaa hapa na najishuku mimi kuliko nilivyomshuku Fezile, kuliko Mncedisi. Nilimwambia apige kwa sababu kijana anaumwa? Au kwa sababu moyoni nimekwisha kuamua ni Khanya? Ningejua kwa hakika ni Luvo — ningemwambia apige? MaDlamini alimwita daktari akijua ni wake. Mimi sijui kama ningeweza. Nimeuliza mara nyingi tangu mchana. Jibu halikai sawa.

Alhamisi, 7 Desemba

Hakuna maombi leo. Gari la kamati lilifika asubuhi, likaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji, kisha wanaume wakapanda nalo. Wengine wamekasirika. Dukani walikuwa wanauliza kwa sauti ni sketi gani iliyopiga simu. Nilinunua mkate. Nilijitahidi kusimama kama mtu asiye na jambo, mabega chini, mikono imelegea — na nikajua kila mtu anaona ninavyojitahidi.

Amri imetoka: akipitishwa mwari, wanawake wote ndani, milango ifungwe. Nimefunga. Naandika mezani, dirishani, pazia limefunguka kidogo.

MaRhadebe kaja. Hakupiga hodi. Hajanisemesha. Amekaa kwenye kitanda cha Luvo na mkoba wake magotini kama mtu anayesubiri basi. Nilimpa chai, ameishika tu. Nilikaribia kumwomba radhi. Sikujua niombe kwa lipi.

Saa tano. Gari linashuka. Pole pole mno. Dereva anakwepa kila shimo — hilo hata mtoto angelisoma. Kuna mtu amelala nyuma. Mtu mmoja. Blanketi limemfunika hata uso, lakini nesi wao ameinama anamsemesha, na huwezi kumsemesha maiti. Anaishi! Nimesema kwa sauti: anaishi. MaRhadebe kasema, nani? Nikasema sijui. Mguu umetokeza, mweupe kwa udongo. Mguu tu.

Gari limepita. Halikusimama. Linakwenda mjini.

Mncedisi anapanda kutoka njia panda. Peke yake. Kofia iko mkononi. Anakuja kuleta habari kwa mama, ndiyo desturi, wa upande wa baba ndiye anayeileta — kwa hiyo ni Luvo. Lakini baba yake Khanya yuko migodini, na Mncedisi ndiye aliyewasimamia wote wawili. Kwa hiyo siyo lazima. Kama ni Khanya angepinda kushoto pale kwenye mti wa pichi, kwenda kwa MaRhadebe. Hakupinda. Anakuja huku!

Lakini alimwona MaRhadebe akiingia humu. Alikuwa barabarani. Alimwona.

Namtazama. Nimemtazama kama sijawahi kumtazama mtu. Mabega yake. Mikono. Anavyoweka miguu. Ni mwendo wa mtu aliyebeba kitu kizito na hataki kukifikisha. Zaidi ya hapo sioni kitu. Mwili wake hauniambii ni wa nani.

Amefika wigoni. Amevaa kofia, ameivua tena.

MaRhadebe amesimama nyuma yangu. Pumzi yake iko shingoni mwangu. Mkono wake uko begani kwangu, sijui kama ananishika au anajishikilia.

Hodi.

Hodi tena. "Akina mama," anaita Mncedisi. Akina mama! Hakusema shemeji.

MaRhadebe ananiambia, nenda ukafungue, nyumba ni yako. Naweka kalamu chini.